Kuku wa Bati wa Mama Ajiambo

Tangu nifunge banda langu pale Busia, vijana mnakuja nyumbani kunisalimia, mkono mmoja mna sukari, mkono wa pili mna swali. Fundi, pindo la ndoo likivuja tufanyeje? Fundi, mkia wa jogoo wako ulikuwa unaukata kwa kipimo gani? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, msome wote, na asiyejua kusoma asomewe. Mimi mwenyewe shule niliishia darasa la pili. Niliona inatosha, na mwalimu naye aliona hivyohivyo.

Mimi ni Mmanyema wa Ujiji. Nilikuja huku kijana, nimebeba mizigo ya mfanyabiashara wa samaki wakavu. Yeye akarudi, mimi nikabaki Tororo kwa sababu ya ule mwamba. Nilipouona umesimama peke yake juu ya mji nikasema, mahali penye jiwe kubwa namna hii hapawezi kukosa kazi. Sikukosa. Nilifagia duka la Mhindi mmoja wa misumari na mabati, nikabeba mabati kichwani, na siku moja tajiri akatupa taa ya chemli iliyopasuka tangi. Nikaiokota. Nikaifumua yote, kipande kwa kipande, nikaona jinsi bati linavyokunjwa pindo juu ya pindo, kama mwanamke anavyokunja ukingo wa mkeka. Nikairudisha, ikawaka. Msinitafutie mwalimu mwingine. Mwalimu wangu alikuwa taa mbovu.

Nisiwe mwizi wa fadhila lakini. Kulikuwa na Kalasinga mmoja wa karakana ya reli, mtu wa ndevu nyingi na maneno machache. Aliona lehemu yangu inabanduka kama gome la mti, akacheka mpaka kilemba kikacheza. "Asidi yako hai," akaniambia. "Hai inakula bati. Ua kwanza." Akanionyesha: unatia vipande vya zinki ndani ya asidi, inachemka yenyewe bila moto, unakaa mbali, unangoja mpaka inyamaze. Ikinyamaza ndipo unaipaka kwenye pindo, na lehemu inakimbia kama maji. Siku nilipoondoka Tororo akanipa kipande cha reli cha kufulia bati. Kiko hapa miguuni pangu ninavyoandika. Nawajua mnaokitamani, na jibu langu ni lile lile.

Busia nilikuta mafundi wengi. Wa upande wa Kenya walikuwa na mikasi mizuri, na wa upande huu wa Uganda walikuwa na midomo mizuri. Mimi nilikuwa na mkono. Nilitengeneza ndoo, karai, koroboi, masanduku ya wanafunzi, mifereji ya kuvuna mvua. Ndoo yangu ukiijaza maji ukaitundika, asubuhi chini yake pako pakavu. Waulizeni akina mama wa soko, wapo waliorithishana.

Samaki wa bati nilimtengeneza siku ya mvua, hakuna mteja, na mabaki ya debe la mafuta ya taa yamejaa miguuni. Nilikumbuka kwetu. Nikakata mgebuka, mwembamba, nikamgonga magamba moja moja kwa ncha ya msumari, nikamtundika mlangoni. Akina mama wakipita wananitania.

"Fundi, huyu anapikwa na nini?"

"Huyu analiwa kwa macho, mama."

"Basi mkeo atalala njaa."

Sikuwa na mke wakati huo, maneno yakaishia hapo. Lakini samaki akanunuliwa, na nilipomkata mwenzake naye akanunuliwa. Nikafanya twiga, nikafanya mtu juu ya baiskeli ambaye miguu yake ilizunguka upepo ukivuma. Halafu akaja mwanaume mmoja aliyekuwa amemaliza kuezeka nyumba ya mabati. Anataka jogoo. Asimame juu kabisa, katikati, kwenye kofia ya paa, juu ya nondo iliyonyooka. Nikamfanyia. Mkia wa jogoo yule niliukata manyoya yanayopishana, mengine ya shaba niliyoitoa kwenye jiko bovu la mafuta, na jua la asubuhi likimpiga unamwona toka barabarani. Haikupita wiki wakaja wengine. Wote wanaume, wote wana mabati mapya, wote wanasisitiza: juu kabisa, katikati, juu ya nondo.

Mimi nilifikiri wanampenda jogoo. Mngefikiri nini nyinyi? Mtu anatoka Dabani, mwingine Iyolwa, mwingine Kwapa kule, wanatembea na jua kuja kwangu peke yangu. Nikajua nimekuwa mtu mkubwa.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Siku moja napita kijijini nikamwona jogoo wangu amelala uani, nondo imekatwa, shingo imepinda, na watu wamekaa kimya. Roho iliniuma. Nikaingia nikasalimia, nikasema nitamnyoosha bure na kumrudisha juu leo hii hii. Mzee mmoja akanishika mkono taratibu, akanitoa mpaka njiani, akarudi. Nikaondoka nikisema moyoni, watu hawa hawajui thamani ya kitu.

Sasa nawaletea kazi yenyewe.

Ilikuwa mwanzo wa ile miaka ya sitini, bendera haijabadilishwa. Mama Ajiambo wa Dabani alikuja bandani kwangu amevaa kanga moja, na nyingine amefunga fedha za pamba. Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa amekufa, amemwachia mabinti watatu na mtoto mmoja wa kiume, Ouma, wa kuchunga mbuzi bado. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa inaoza, akawa ameuza pamba misimu kadhaa mpaka akapata mabati. Kwangu alitaka mifereji na pipa la maji. Mama yule hakuwa na maneno ya kupamba. Alishika ndoo yangu, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye pindo lote mpaka mwisho, akasema, "Hii sawa." Hakuna mteja aliyewahi kunisifu vile.

Nilikwenda Dabani na baiskeli, nikafunga mifereji, nikaweka pipa. Alinipikia samaki na wimbi kila siku, na samaki mwenyewe nilimla mpaka mifupa. Siku ya mwisho yeye yuko shambani na watoto. Nikaangalia lile paa, jipya, linang'aa, tupu. Nikaona haya. Nyumba ya mwanamke kama huyu ikae bila pambo? Kwenye baiskeli nilikuwa na jogoo wa mtu mwingine na nondo yake, mzuri kuliko wote niliokuwa nimefanya. Nikapanda. Nikatoboa kofia ya paa, nikashindilia nondo mpaka kwenye mti wa kati, nikaziba kwa lehemu tone lisipite, nikamvika jogoo juu yake azunguke na upepo. Nikashuka, nikarudi Busia, napiga mluzi njia nzima.

Asubuhi walikuja kunichukua. Si kwa ubaya, lakini hawakuniuliza kama nina nafasi.

Uani kwa Mama Ajiambo walikuwa wamekaa wazee wa ukoo. Mbele yao amesimama Wandera, ndugu wa marehemu, mtu mrefu wa kofia, ambaye hakuivua hata akila. Wandera alikuwa ametaka kumrithi mjane wa ndugu yake, na Mama Ajiambo alikuwa amekataa. Hilo mimi nililijua siku hiyo.

"Wewe Manyema," akasema, "umekuja oa huku, hata jembe hujaleta? Hata mbuzi?"

"Kuoa nani?"

"Nani ameweka ile kitu juu?"

"Mimi."

"Basi!"

"Basi nini?"

Mzee Okumu, aliyekuwa mkubwa wao, akanionea huruma. Ndiye yule yule aliyenitoa mpaka njiani siku ya jogoo aliyevunjika; nilimtambua aliponishika mkono. "Sikiliza, mwanangu," akasema. "Nyumba ya nyasi iko na mti unatokea pale juu. Mwanaume wa nyumba akiwa hai, mti unasimama. Akikufa, tunavunja. Sasa nyumba za mabati hazina huo mti, ndiyo watu wanaweka jogoo yako. Mwenye hapa alikufa. Mti wake nilivunja mimi, na mikono hii. Wewe umesimamisha ingine. Mkono ulisimamisha, huyo ndiye mwenye nyumba."

"Mzee wangu, mimi nilitaka ipendeze tu."

"Imependeza," akasema Mzee Okumu. "Ndiyo tumeona toka mbali."

Watu wakacheka, lakini Wandera hakucheka. "Kama ana mwanaume, aende na mwanaume yake," akasema. "Shamba ni ya ukoo. Nyumba ni ya ukoo. Watoto ni ya ukoo. Mimi sina neno ingine."

Nikamtazama Mama Ajiambo. Amesimama mlangoni, Ouma ameshika kanga yake. Hakulia, hakunitukana. Mabati yale aliyalipa kwa mgongo wake, na mimi nilikuwa nimeyageuza kuwa ushahidi dhidi yake kwa jambo ambalo hakulifanya.

"Basi namshusha sasa hivi," nikasema, nikaikimbilia ngazi.

"Ngoja!" Mzee Okumu akainua fimbo. "Ukikata ile nondo ni kuvunja. Ukivunja, mwenyewe amekufa. Tutalia wewe. Tutanyoa. Halafu kesho uonekane Busia unauza ndoo, watu watakimbia waache soko."

"Acha avunje," akasema Wandera. "Tutalia kidogo."

"Mimi nimelia mmoja, imetosha," akasema Mama Ajiambo. Ndiyo mara ya kwanza alifungua mdomo. "Machozi ya Manyema nitatoa wapi?"

Hata Wandera ilibidi ajifanye anakohoa.

Wazee wakaingia kwenye mashauri yao kwa Kisamia, lugha ya kwao, na mimi nikakaa pembeni kwenye pipa langu. Fikirini hali yangu. Nondo ikisimama, mimi ni mume wa mtu na yeye hana nyumba. Nikiikata, mimi ni maiti. Mwamba wa Tororo ulikuwa haujaniambia kama kazi yenyewe itakuwa ya namna hii.

Mama Ajiambo akaja na kibuyu cha maji, akaninywesha kama mgeni yeyote. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, wewe unajua jogoo tu?"

"Hakuna kiumbe nisichokijua."

"Kuku wa kuatamia?"

"Huyo ni mchezo."

"Kuku akiatamia, yai linaonekana?"

"Halionekani."

"Limevunjika?"

"Halijavunjika."

"Basi," akasema. "Nondo usikate. Funika tu. Ouma atakua." Akachukua kibuyu chake akaenda.

Hayo ya mwisho sikuyaelewa, lakini ya kwanza niliyadaka palepale. Nikarudi kwa wazee nikasimama kama wakili. Nikawauliza, jogoo peke yake, bila nondo, ana neno? Wakasema jogoo ni bati tu, neno liko kwenye kinachosimama. Nondo nisipoivunja, nani amekufa? Hakuna. Na isiposimama hadharani, mwenye nyumba nani? Sikungoja jibu. Nikasema, nitaleta kuku jike akae juu yake. Kuku ana neno?

Mzee Okumu akamwuliza mzee wa pili, akamwuliza wa tatu. "Kuku," akasema mwishowe, "hatujawahi kusikia."

"Sasa mmesikia," nikasema.

Nilimng'oa jogoo siku hiyo hiyo, maana alivikwa tu, na nondo nikaifunika kwa kikapu wakati nafanya kazi. Kazi hiyo niliifanya palepale uani, kila mtu aone. Vijana, hapa mshike vizuri. Nondo ilikuwa ndefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, kwa hiyo kuku ilibidi awe mkubwa kuliko kuku yeyote aliyewahi kutaga Dabani. Tumbo nilifanya kwa karai mbili, moja imefunikwa juu ya nyingine, nikazigonga kwa nyundo ya mbao juu ya mchanga zipate kutuna. Karai ya chini niliiachia tundu la kupitisha nondo. Manyoya nilikata debe zima, moja moja, nikayapanga kuanzia mkiani kwenda shingoni kama unavyoezeka nyumba, ili mvua iteleze isiingie. Kishungi nilikifanya kidogo, hiyo ni heshima ya kuku jike. Na jicho niliweka kifuniko cha chupa ya soda, limetazama njia. Wandera alikuja kutazama akasema linamtazama yeye. Nikamwambia amsalimie basi.

Kwenye kofia ya paa, huku na huku, nikaweka vifaranga vinne vya makopo ya maziwa, mmoja kwa kila mtoto. Kisha nikampandisha kuku, nondo ikaingia tumboni mwake, akakalia. Huoni kitu. Haijavunjwa, haijasimama. Wazee wakanyanyua vichwa. Mzee Okumu akaanza kucheka kidogokidogo, mabega tu, halafu akacheka mpaka akashikiliwa. Wakanywa pombe ya Mama Ajiambo wakaenda makwao, na yeye akabaki na nyumba yake.

Baada ya hapo wajane walinijia toka kila upande. Nikauza kuku mpaka majogoo wakaona wivu. Lakini wale walikuwa wa kukaa tu, tumboni hamna kitu. Wa Mama Ajiambo ndiye aliyekuwa na kitu.

Kila mwaka mvua zikikaribia nilikwenda Dabani na baiskeli kukagua mishono ya mifereji na ya kuku. Sikutoza kitu. Mishono ile haikuhitaji kukaguliwa, na mama yule, aliyejua kupima pindo kwa kidole, alijua hivyo. Alikuwa ananipikia samaki na wimbi, tunakaa nje, ananiuliza habari za Ujiji, kama ziwa lina ng'ambo. Nikimaliza kula anasema, "Haya Fundi, kuku ni mzima?" Nasema ni mzima. "Basi mpaka mvua nyingine." Hivyo tu. Hakutaka mume na mimi sikuwahi kuuliza swali ambalo jibu lake nalijua.

Mwisho wa miaka ile ile ya sitini akaugua kifua, akafa. Nilikuwa nimeshaanza kupata taabu ya magoti, ngazi nimekatazwa. Walinijia tena asubuhi, safari hii ametumwa kijana wa Wandera.

Nilikuta mazishi yamepita, watu wachache wamebaki uani. Wandera amezeeka, kofia ile ile. Mzee Okumu amekaa kwenye kiti, macho yameingia ukungu. Na Ouma amesimama karibu na mlango, amekuwa mrefu kuliko mimi, mikono imejaa sugu za jembe.

"Fundi," akasema Wandera, "mwenye kuku amekwenda. Hii ilikuwa nyumba ya mwanamke. Mwanaume haiko hapa, kila mtu anaona pale juu. Ukoo unachukua nyumba yake. Panda utoe kuku yako, ni mali yako, hatutaki maneno."

"Mnataka nimtoe? Mzee Okumu ni shahidi?"

"Toa!" akasema Wandera. "Ni mimi nasema."

Nikaegemeza ngazi. Nikapanda mpaka katikati, na hapo goti likagoma. Wapo wanaosema nililigomesha. Semeni mtakavyo, ni goti langu. Nikageuka nikamwita, "Ouma! Njoo upande wewe. Mshike mama kuku huku na huku chini ya mbawa, mnyanyue moja kwa moja juu, usimpindishe."

Ouma akanipita kwenye ngazi. Akatembea juu ya mabati miguu peku, akapiga magoti kwenye kofia ya paa, kati ya vifaranga. Akamshika kuku chini ya mbawa, akamnyanyua juu.

Nondo ikabaki imesimama.

Ilikuwa kama siku niliyoishindilia. Muda wote ule ilikaa pakavu ndani ya tumbo la kuku, haina kutu, inang'aa. Ouma yuko pembeni yake, jasho linamtoka, kuku kifuani. Ndipo niliposikia tena yale maneno, Ouma atakua, niliyoyasikia na kibuyu cha maji mkononi nisiyaelewe.

Mzee Okumu akauliza, "Mnanyamaza nini? Kuna nini juu?"

Mtu akamwambia.

"Nani amesimamisha?"

"Ouma."

Mzee akageuza uso upande aliosikia pumzi ya Wandera. "Na nani alimwambia atoe kuku?"

Wandera akatazama nondo, akatazama Ouma. Akavua kofia. Wallahi, ndiyo mara pekee nilimwona kichwa. "Ni mimi," akasema. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akasema, "Mama huyu! Alinikalia miaka yote ile nikipita nikimsalimia." Na yeye mwenyewe akaanza kucheka, na wote wakaachia.

Ouma anakaa pale mpaka leo. Jogoo wake ndiye wa mwisho mimi kutengeneza, na mkia wake nimeukata bila kipimo chochote, kwa hiyo msiniulize tena. Mkipita Dabani mtamwona.

Kuku Ouma alinipa mimi. Yuko juu ya kabati, amenitazama naandika. Siku ile nilipofika naye nyumbani nilimgeuza, nikapitisha kidole kwenye pindo lote mpaka mwisho, kama nilivyomwona Mama Ajiambo akifanya. Mishono yote imeshika.